Kitabu cha Fedha ni Shahidi

Ezra alipowakabidhi makuhani 12 fedha na dhahabu ya nyumba ya Mungu, aliwapimia kwanza. Walipofika Yerusalemu vyote vikapimwa tena, na uzani wake ukaandikwa. Je, hakuwaamini? Aliwaamini, naye aliwakinga na masengenyo.

Tuchukue sadaka ya Jumapili moja, shilingi 8,400. Mweka hazina anatoa humo shilingi 900, ananunua misumari ya paa, kisha anapeleka benki 7,500. Akiandika 7,500 peke yake, zile 900 zimepotea machoni pa watu, ingawa misumari iko juu ya vichwa vyetu.

Basi tuandike hivi. Upande wa mapato, safu ya taslimu: 8,400. Upande wa matumizi: 900, pamoja na nambari ya risiti. Zile 7,500 tuziandike mara mbili: zimetoka katika taslimu, zimeingia katika safu ya benki. Taslimu inabaki sufuri, na sanduku nalo liwe tupu. Mwisho wa mwezi tulinganishe kitabu na taarifa ya benki, tukikumbuka ada za benki na hundi ambazo hazijalipwa.

Wengi wetu husema, "Sisi ni Wakristo, tunaaminiana." Ni vyema. Lakini mweka hazina akihama au akifariki, kitabu ndicho kitakachomtetea yeye na watoto wake. Tusimwache ndugu yetu bila shahidi.