MOSHI UMEPUNGUA, AU UMEHAMISHWA?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wafanyakazi,

Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja alisimama akauliza: "Twaambiwa Kenya yasifiwa kwa umeme safi. Mbona basi twaambiwa pia kwamba tanuri letu lachafua hewa, na huenda likazimwa?" Swali hilo ni la haki, na leo twataka kulijibu bila kuzunguka.

Kwanza, sifa hiyo ni ya kweli. Katika kila sehemu kumi za umeme unaozalishwa nchini, karibu tisa zatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Pale Olkaria mtambo wa kwanza wa mvuke ulianza kazi mwaka 1981. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, vimesimama vinu vya upepo 365 vyenye nguvu ya megawati 310, vilivyofunguliwa rasmi mwaka 2019.

Lakini umeme si moshi wote wa nchi. Sehemu kubwa zaidi yatokana na kilimo na mifugo, kisha kuna mafuta ya malori na matatu. Na kuna kazi yetu sisi, kazi ya simiti. Tanuri lachoma mawe ya chokaa hadi joto la digrii 1,450 hivi ili kupata klinka. Joto hilo halitoki kwa umeme. Latoka kwa makaa ya mawe yaletwayo kwa meli. Tena zaidi ya nusu ya hewa ya kaboni yatoka ndani ya jiwe lenyewe linapoungua. Hata ukileta umeme wote wa Olkaria kiwandani, jiwe litatoa hewa yake vilevile.

Sasa sikizeni jambo la biashara. Wako matajiri wasemao: tuzime matanuri, tununue klinka ng'ambo, hapa tusage tu na kutia mifukoni. Ikiwa hivyo, vitabu vya Kenya vitaonyesha moshi umepungua, kwani kila nchi huandika moshi utokao katika ardhi yake tu. Reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Moshi wa kuyeyusha chuma kilichoagizwa kutoka Uchina uliandikwa Uchina, bali moshi wa dizeli ya vichwa vya treni waandikwa hapa.

Je, anga imepona? La, ndugu. Klinka ile imechomwa kwingine, na juu yake meli imechoma mafuta kuileta. Kilichopungua ni vibarua na mafundi wetu. Mwaka 2023 Serikali iliweka ushuru wa asilimia 17.5 juu ya klinka itokayo nje. Wenye matanuri walifurahi, na wasagaji wasio na matanuri walilia. Sisi twasema: ushuru walinda kazi, lakini haulindi hewa. Tajiri aliyelindwa na ushuru adaiwa atengeneze tanuri lake, achanganye klinka kidogo na pozolana zaidi, si kulala usingizi nyuma ya ukuta huo.

Watu wa Ulaya nao wameanza. Tangu mwanzo wa mwaka 2026 Umoja wa Ulaya watoza malipo ya kaboni kwa simiti, chuma, alumini na mbolea ziingiazo kwao. Maua na chai yetu bado hayamo. Lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Pili, mali ya ng'ambo. Mgeni aletaye fedha si malaika wala si shetani. Yategemea analeta nini na kwa mapatano gani. Kule Lamu ilikusudiwa kujengwa stesheni ya makaa ya mawe ya megawati 1,050, sehemu kubwa kwa fedha za Kichina. Wananchi wa Lamu walikwenda mbele ya baraza la mazingira, na mwezi wa Juni 2019 kibali kikafutwa. Mali ya ng'ambo ingeongeza moshi wetu kwa miaka mingi. Kule Loiyangalani mali ya ng'ambo ilileta upepo, nayo imepunguza moshi. Hata hivyo mapatano yale yalikuwa na miiba: vinu vilikamilika kabla ya waya wa kupeleka umeme Suswa, na nchi ikalazimika kulipa fidia kwa umeme usiotumika. Bei nayo iliandikwa kwa fedha ya yuro, hivyo shilingi ikianguka, mlipaji ni wewe. Na mwaka 2021 mahakama ilisema ardhi ile ilitwaliwa bila kufuata sheria.

Basi ndugu, umeme waweza kuwa safi na mapatano yawe machafu.

Twataka mambo matatu. Mapatano ya umeme yasomwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi. Kiwanda kikibadili mitambo, mafundi wa zamani wafundishwe kazi mpya kwa mshahara uleule, wasitupwe kama magunia matupu. Na mtu yeyote ajapo kutuambia moshi umepungua, aulizwe: umepungua, au umehamishwa pamoja na kazi yetu?

Nchi yetu iliahidi mwaka 2020 kupunguza moshi kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ukilinganishwa na vile ungalikuwa bila juhudi. Hatuipingi ahadi hiyo. Watoto wetu ndio wapigwao na kiangazi na mafuriko. Tunalopinga ni kulipa deni hilo peke yetu.

Lipeni ada zenu, hudhurieni mikutano, ulizeni maswali. Umoja ni nguvu.