Mahindi Yaliyoota Ukungu Usimpe Kuku Wala Ng'ombe

Leo tuzungumze juu ya lile gunia lililo pembeni mwa ghala, lenye mahindi yaliyoota ukungu. Wengi wetu husema, "Haya hayafai watu, wape kuku." Mengine huenda kwa ng'ombe, mengine hupikiwa mbwa. Mama, usifanye hivyo.

Ukungu ule huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu yenyewe haionekani, na ukiosha au kupika haiishi. Mwaka 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Wanyama nao hawapony. Mwaka 1960 kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa chakula chenye njugu zilizoharibika, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kuijua sumu hii. Mbwa huumia upesi sana: hutapika, hukataa kula, macho huwa manjano. Kuku huenda asife, lakini hudhoofika bure. Hutaga kidogo, nawe unazidi kununua dawa zisizosaidia.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni ng'ombe. Akila sumu hii, sehemu yake hupita katika maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Maziwa hayo anakunywa nani? Ni yule mdogo uliyemwachisha kunyonya juzi. Mama anayenyonyesha akila unga mbaya, maziwa yake pia hupata sumu kidogo. Lakini usiache kunyonyesha, tafadhali. Badilisha unga.

Sasa utajuaje kama mahindi yamekauka vizuri? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo.

Kuku wape mahindi safi, mtama, sukuma wiki na kumbikumbi. Ng'ombe apate nepia na majani ya viazi vitamu. Maganda ya viazi yaliyogeuka kijani usiwape, wala maganda na kokwa za avokado. (Sungura nao wasipewe avokado, hata watoto wakisema wanaipenda.)

Mtu nyumbani akiwa na macho manjano, kutapika, maumivu ya tumbo au kuvimba miguu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe unga mliokula kwenye mfuko. Mahindi mabaya usiyauze wala kuyatengenezea pombe. Yafukie katika shimo refu, mbali na kisima, mahali mbwa hawezi kufukua.