Mshumaa Juu ya Kilimanjaro: Jinsi Hotuba Ivutavyo Mioyo

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Zagayu)



Kazi yetu sisi makarani ni maneno. Kutwa twaandika barua za kuomba na za kujibu maombi. Basi leo twapenda kuitazama hotuba ya Julius Nyerere katika Baraza la Kutunga Sheria, tarehe 22 Oktoba 1959, tupate kujua jinsi mtu asiye na mamlaka alivyosema na wenye mamlaka.

Sehemu ijulikanayo sana ni ile ya kuwasha mwanga juu ya Kilimanjaro, umulike hata ng'ambo ya mipaka, ulete tumaini penye kukata tamaa, upendo penye chuki, na heshima penye kudharauliwa. Angalieni ya kuwa hapo haombi kitu. Nchi ingali chini ya Waingereza, naye anasema habari ya kutoa! Apewaye zawadi huona haya kuikataa. Tena zile jozi zafuata mwendo wa sala iitwayo ya Mtakatifu Fransisko, ambayo Wakristo wengi waijua. Na mlima wenyewe? Hapa Zagayu hatuuoni, wala Lindi hawauoni, lakini kila mtu huuita wetu.

Ufundi uliotupendeza zaidi ni huu. Septemba 1959, majuma machache kabla ya hapo, chombo cha Warusi kiligonga uso wa mwezi. Nyerere akakiri ya kwamba Tanganyika haiwezi kurusha roketi kwenda mwezini. Iwezayo kupeleka kwa wanadamu ni roketi za upendo na tumaini. Umaskini wa nchi aliutaja mwenyewe kabla hajatajiwa, na mpinzani akabaki mikono mitupu. Karani aandikaye ombi lenye upungufu na ajaribu vivyo hivyo.

Ila picha nzuri humsahaulisha msikilizaji kuuliza gharama. Mwanga ule hausemi shule ngapi, wala fedha zitoke wapi. Na sisi tushikao hesabu hatuna budi kuuliza.

Liko na jambo la wafasiri. Kwa Kiingereza alitaja mshumaa. Kiswahili kimeshika mwenge. Mshumaa ni mnyenyekevu, wafaa mbele ya wakubwa wa baraza, ingawa kileleni upepo ungeuzima mara moja. Mwenge hushikwa mkononi ukapokezanwa. Nao ndio ambao Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha kileleni usiku wa uhuru, Desemba 1961.