Kura Iendayo kwa Posta

Leo twataka kunena nanyi juu ya kura ipelekwayo kwa posta, na mfano wetu ni uchaguzi wa mchujo uliofanyika katika jimbo la Wisconsin, nchi ya Marekani, tarehe 7 Aprili 2020. Huenda mtu akauliza, Mambo ya Wisconsin yatufaa nini? Twamjibu hivi: kila aliyepata kutia barua posta ajua ya kuwa kuiandika ni jambo moja, na kufika kwake ni jambo la pili. Kura ya posta nayo ni barua. Walakini barua ikipotea, mwenyewe aweza kuandika nyingine. Kura ikipita siku yake, hapana nyingine.

Jimbo la Wisconsin liko kaskazini mwa Marekani, kando ya ziwa Michigan, nalo lasifika kwa ng'ombe wa maziwa na jibini. Huko, kabla ya uchaguzi mkuu, wapigaji kura huchagua kwanza mtu ambaye kila chama kitamsimamisha kugombea. Huo ndio mchujo. Siku ile watu wa chama cha Democratic walikuwa wakichagua kati ya Joe Biden na Bernie Sanders. Pamoja na hayo, wapigaji wote walikuwa wakimchagua jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo na viongozi wa miji. Basi haukuwa uchaguzi mdogo.

Kwanza yafaa tueleze njia ya kura hiyo. Mtu aliyeandikishwa humwomba karani wa mji au kijiji chake ampelekee karatasi, na makarani hao ni kama 1,850 katika jimbo zima. Karatasi ikimfikia, huitia alama mbele ya shahidi, lakini kwa siri, shahidi asione amemchagua nani. Kisha huitia ndani ya bahasha, na juu ya bahasha hutia sahihi yake. Shahidi naye hutia sahihi na kuandika anwani. Kwa desturi ya sheria, bahasha hiyo haina budi kumfikia karani kabla ya saa mbili za usiku, siku ya uchaguzi.

Mwaona, basi, ya kuwa karatasi moja hupita mikono mingi: ya mchapaji, ya karani, ya tarishi, ya mpigaji, ya shahidi, kisha ya tarishi tena na ya karani tena. Mkono mmoja ukilegea, sauti ya mtu imepotea, na pengine mwenyewe hana habari.

Miaka ya nyuma, katika kila kura 100 zilizopigwa jimboni hata 10 hazikupita kwa posta. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, watu wakaogopa kukusanyika, na maombi ya karatasi yakazidi milioni moja. Makarani waliozoea bahasha chache wakalemewa.

Tena sheria yenyewe haikutulia. Tarehe 2 Aprili jaji mmoja aliongeza siku za kupokea kura mpaka tarehe 13, akalegeza na sharti la shahidi. Kesho yake mahakama ya rufani ikalirudisha sharti la shahidi. Tarehe 6, Gavana Tony Evers akaamuru upigaji kura vituoni uahirishwe. Siku ile ile Mahakama ya Juu ya jimbo ikaizuia amri yake. Jioni Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, ikaamua kwamba kura zaweza kufika hata tarehe 13, ila sharti ziwe zimetiwa posta kabla tarehe 7 haijaisha. Vituo vilikuwa karibu kufunguliwa.

Fikirini hali ya mtu aliyeomba karatasi yake mapema, na jioni ile haijamfikia. Ama akae nyumbani akose kura, ama aende kituoni na hofu yake ya ugonjwa. Na vituo vilikuwa vichache: mji wa Milwaukee, uliokuwa na vituo 180, ulifungua 5 tu, Green Bay, uliokuwa na 31, ulifungua 2. Watu walisimama katika safu kwa saa nyingi, nyuso zimefunikwa kwa barakoa.

Matokeo yalikuwaje? Kura zote zilikuwa kama 1,550,000, na karibu 960,000 kati yake zilikuja kwa posta. Karibu 79,000 zilifika baada ya siku ya uchaguzi, nazo zikahesabiwa kwa sababu muda uliongezwa. Lakini karibu 23,000 zilikataliwa, nyingi kwa kuwa maandiko ya juu ya bahasha hayakutimia. Zilikuwako pia bahasha zisizo na muhuri wa posta, au zenye muhuri usiosomeka. Tume ya uchaguzi haikupatana juu ya hizo, makarani wakaachiwa kuamua kila mtu kwake. Hapo twaona uzito wa jambo, kwa maana mpigaji hajitilii muhuri wa posta kwa mkono wake.

Wako wasemao kura ya posta haifai, na wako wasemao ndiyo bora kuliko zote. Sisi twaona ya kuwa njia hiyo ilichukua mzigo mkubwa, na wazee na wagonjwa wengi walipata kura bila ya kuhatirisha maisha yao. Kosa kubwa lilikuwa kubadili masharti watu wakiwa wamekwisha shika kalamu. Kwa uchaguzi wa Novemba 2020 tume ilipeleka fomu za maombi kwa wapigaji kama 2,700,000, ikatia alama juu ya bahasha ili safari yake ifuatwe. Muda wa kupokea haukuongezwa tena, na watu walionywa mapema wasingoje. Kura zilizokataliwa zikapungua sana. Basi sheria ijulikanayo mapema, hata ikiwa kali, watu huishika. Bali sheria ibadilikayo kila siku humkosesha hata mtu mwangalifu.

Kwetu mpigaji huenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Hata hivyo, sote tuna fomu za kujaza na siku za mwisho za kuzipeleka. Tusome masharti yote kabla ya kutia sahihi, tutazame kama shahidi ameandika anwani, tupeleke mapema. Nao walio na kazi ya kupokea wakumbuke ya kuwa kila bahasha ni amana ya mtu. Wazee wetu walisema, Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.