Oili ya giaboksi ya otomatiki: kazi ya kikundi chenyewe

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vyenye gari)



Tukizungukia vikundi tunaona jambo moja. Oili ya injini inabadilishwa, magurudumu yanaangaliwa, lakini giaboksi haina mwenyewe. Dereva anasema ni kazi ya kamati, kamati inasema ni kazi ya dereva. Halafu siku moja gari linanguruma bila kusonga, na maziwa yanaganda njiani. Giaboksi ikifa, akiba ya akina mama inakwenda nayo.

Siku hizi magari mengi tunayonunua yametumika Japani na ni ya otomatiki. Hatujui oili ilibadilishwa lini. Basi tuanze kwa kuitazama. Oili nzuri kwa kawaida ni nyekundu na safi. Ikiwa ni ya kahawia nzito na inanuka kuungua, imechoka.

Kwanza, tununue oili ile ile iliyotajwa na watengenezaji. Toyota nyingi za zamani hutumia Type T-IV, za baadaye WS. Zile za CVT, kama Probox za kuanzia 2014, zina oili yake ya CVT, wala haichanganywi na nyingine. Mara nyingi jina limeandikwa kwenye kijiti cha kupimia. Mkiuziwa dukani kwa kuambiwa "zote ni moja," kataeni.

Pili, gari liwe mahali tambarare. Liwasheni kidogo oili ipate joto, kisha zimeni. Zuieni magurudumu kwa mawe, inueni, na mweke stendi za chuma. Jeki peke yake siyo ya kuaminiwa, imeua watu.

Tatu, fungueni bolti ya kumwagia, mkinga karai. Pimeni oili iliyotoka, lita kwa lita, na muandike. Kwa kawaida hutoka lita 3 au 4 tu. Nyingine hubaki ndani, kwa hivyo msishangae.

Nne, shusheni bakuli la chini polepole, kwa maana bado lina oili. Tazameni sumaku zilizomo. Matope laini ya kijivu ni ya kawaida. Mkipata vipande vya chuma, simamisheni kazi, mwiteni fundi.

Tano, toeni filta kuukuu. Hakikisheni pete yake ya mpira haikubaki juu imenata. Wekeni mpya, safisheni bakuli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, tieni gasketi mpya. Bolti hizi ni ndogo: kazeni kidogo kidogo, upande huu na upande ule, bila nguvu za ng'ombe.

Sita, rudisheni kiasi kile kile kilichotoka, kupitia tundu la kijiti. Gari likiwa chini, liwasheni, mguu kwenye breki, mpitishe gia zote, mrudi P. Lizungusheni lipate moto, kisha pimeni injini ikiwa inanguruma. Oili ifike alama ya HOT, isizidi. Gari lisilo na kijiti, au la CVT, lipelekeni kwa fundi mwenye vifaa.

Na oili chafu je? Isimwagwe shambani wala karibu na kisima. Iwekwe mtungini, ipelekwe kwa gereji inayokusanya.

Gari la kubeba mizigo kwenye milima na vumbi lifanyiwe hivi kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Mweka hazina aandike tarehe, kilomita na lita katika daftari, na kila safari itoe shilingi chache za matengenezo. Mali ya wote isipokuwa na msimamizi huwa mali ya kutu.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Nani kati yetu anajua giaboksi ilibadilishwa oili lini?
2. Tumchague nani, mwanamke au mwanamume, kushika daftari la gari?
3. Tutenge kiasi gani kwa kila safari?