Jeraha la Kichwa na Amana ya Akili

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemtukuza mwanadamu kwa akili; na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baadu. Enyi ndugu Waislamu, wazee kwa vijana, akina baba na akina mama: yako maradhi ambayo mgonjwa wake huonekana mzima. Hula, hutembea, huitikia salamu, huwajua watoto wake kwa majina. Na juu ya hayo mkewe huwanong'oneza jirani zake ya kuwa aliyerudi kutoka hospitali siye yule aliyepelekwa. Hayo ndiyo maradhi ya mtu aliyepigwa kichwani, jeraha likafunga, kovu likabaki, na fikira zake zikageuka kwa namna isiyotazamiwa. Mpole huwa mkali. Mwenye kuweka akiba hutapanya. Msemaji hukaa kimya mchana kutwa. Mwenye haya hutamka ya aibu mbele ya wakwe zake. Wasiojua husema ana kiburi, au amerogwa, au ameingiliwa na jini, na wengine husema anajifanya tu. Na kwa maneno hayo nyumba nyingi huvunjika.

Jambo hili si geni katika dini. Katika Madina, zama za Bwana Mtume (S.A.W.), alikuwako mtu miongoni mwa Ansari aliyepata jeraha la kichwa lililofika hata kwenye utando wa ubongo. Wapokezi wengine wamesema ni Hibban bin Munqidh, na wengine wamesema ni baba yake, Munqidh bin Amr. Jeraha lilipona, lakini ulimi ukawa mzito, na uwezo wake wa kupima mambo ukadhoofika. Naye alikuwa mtu wa kuuza na kununua. Kila aingiapo sokoni akawa hupunjwa. Jamaa zake wakamwendea Bwana Mtume wakimwomba amzuie mtu wao asifanye biashara. Bwana Mtume akamwita, akamkataza. Naye akajibu kwamba hawezi kustahimili kuiacha biashara. Hapo hakukemewa. Alifundishwa kusema kila anapouziana na mtu, "La khilaba," yaani hakuna kuhadaana. Kisha akapewa hiari ya siku tatu, akiridhika ashike, asiporidhika arudishe. Na imepokewa kwamba hata neno hilo moja ulimi wake haukuliweza sawasawa, akawa husema "La khiyaba". Na watu wakamwelewa.

Tazameni, ndugu, hukumu hiyo ilivyopimwa. Jamaa walikuwa na haki ya kuogopa mali isipotee. Mtu naye alikuwa na haki ya kubaki mtu miongoni mwa watu. Bwana Mtume hakumwacha bila kinga, wala hakumfungia ndani kama kitu kilichoharibika. Aliweka siku tatu kati ya haraka yake na hasara yake.

Sasa na yatajwe ya Marekani, kwa kuwa matabibu wa dunia nzima huyataja. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, mnyapara wa kujenga reli, jina lake Phineas Gage, umri wake miaka 25, alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba. Baruti ikalipuka. Mtaimbo wake, urefu wake futi tatu na inchi saba, na uzito wake ratili 13 na robo, ukaingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho, ukatokea utosini na kuanguka mbali. Mtu huyo hakufa. Baada ya dakika chache alisema, akapandishwa gari la ng'ombe akiwa ameketi, akafika penye nyumba ya wageni, akazungumza na tabibu. Tabibu John Harlow alimwuguza, na baada ya wiki kama kumi akarudi kwao.

Kumbukumbu ilikuwako, na maneno yalikuwako. Lakini tabibu Harlow aliandika mwaka 1868 kwamba mtu aliyekuwa mnyapara hodari, mwenye kupanga kazi na kuimaliza, alikuwa amegeuka kuwa mkaidi, mwenye kutukana, asiyedumu katika shauri moja. Hata rafiki zake wakasema huyu siye Gage waliyemjua. Waajiri wake hawakumrudishia cheo chake.

Wengi huishia hapo, na kuishia hapo ni kumdhulumu. Mwaka 1852 alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa. Kazi hiyo yataka kuamka mapema, kuchunga farasi, kushika saa na kustahimili abiria. Wataalamu waliochunguza habari zake baadaye wameona kwamba huenda kazi yenye mpango ule ule kila siku ilimsaidia kujirudi. Alifariki mwaka 1860 huko California, baada ya kushikwa na kifafa, akiwa na miaka 36. Fuvu lake na mtaimbo wake vimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Matabibu wameeleza sababu. Ubongo ni kitu laini, uzito wake kama ratili tatu, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kinapogongwa ghafula, ubongo husukwasukwa na kugonga mfupa, na nyuzi zake nyembamba hunyooshwa au kukatika, hata kama ngozi haikupasuka. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ni kama hatamu: huzuia hasira, hupanga ya kesho, hupima matokeo. Hatamu ikilegea, farasi yupo na nguvu zake zipo, lakini hujiendea. Ndiyo sababu mtu huweza kusoma, kuhesabu na kukumbuka, na bado akashindwa kujizuia. Na mara nyingi hayo hayaonekani hospitalini. Huonekana nyumbani, mtu anaporudia kazi na jamaa zake.

Wanazuoni wa fikihi nao waliijua hatari hiyo. Waliweka kwamba anayempiga mwenzake hata akili yake ikaondoka hulazimika kutoa dia kamili, sawa na dia ya roho. Na aliyeondokewa na akili, kalamu imeinuliwa kwake, na talaka yake haipiti. Lakini aliyepungukiwa na subira tu hakumu yake si moja na ya mwenda wazimu. Basi mke aliyeambiwa neno zito na mume aliyeumia kichwa, na wazee wa pande mbili, wasikate shauri wenyewe. Wamwendee kadhi pamoja na maneno ya tabibu.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alipigwa na jiwe kichwani safarini, kisha akalazimika kuoga janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Bwana Mtume aliwalaumu vikali, na akaeleza kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Basi na waulizwe wajuao. Aliyegongwa kichwani akitapika mara kwa mara, au usingizi ukimzidi, au akipata degedege, au maji yakimtoka puani au masikioni, asingojwe hata asubuhi, apelekwe hospitali. Apandaye pikipiki na avae kofia ngumu, yeye na abiria wake. Na akisharudi nyumbani, apangiwe siku yake, apewe kazi moja kwa wakati mmoja, apunguziwe kelele, na mali kubwa isiuzwe ila kwa shauri la jamaa na kwa kungoja siku tatu.

Wala asisahauliwe anayemwuguza. Mke huyo na mama huyo hubeba mzigo ambao jirani hawauoni. Kumpelekea chakula, au kukaa na mgonjwa siku moja ili naye apumzike, ni sadaka.

Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa, awape subira wanaowauguza, na awahifadhi Waislamu na watu wote katika akili zao na dini zao. Amin.