Kumweleza Mtu Kabla ya Kumtaka Sahihi Yake



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu jioni hii. Sitawachosha, maana wengi wenu mmetoka kazini.

Nataka kuwapa habari za Ireland, nchi ndogo ya Ulaya. Huko, mapatano ya Ulaya yakitaka Katiba ya nchi ibadilishwe, hayapiti kwa neno la wakubwa peke yao. Sharti watu waulizwe kwa kura. Mwezi wa Juni 2001 waliulizwa juu ya Mapatano ya Nice. Katika kila watu 100 wenye haki ya kura hawakufika hata 35, na wengi wa waliofika walikataa. Neno lililovuma lilikuwa hili: asiyejua, na akatae. Mimi siwalaumu. Nani atie sahihi karatasi asiyoielewa?

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule liliundwa baraza la taifa la mazungumzo juu ya Ulaya, mwenyekiti wake Maurice Hayes. Waliotaka na wasiotaka walikaa pamoja katika ngome ya Dublin, tena baraza likasafiri mikoani kusikiliza watu. Oktoba 2002 watu wakaulizwa tena. Karibu nusu walipiga kura, na karibu 63 katika kila 100 wakakubali.

Lakini msidhani kwamba kueleza peke yake kwatosha. Katiba ya Ulaya ilitiwa sahihi Roma tarehe 29 Oktoba 2004. Ufaransa na Uholanzi zikaikataa mwaka 2005, na kura ya Ireland ikaahirishwa. Mengi yaliyokuwamo yaliingizwa katika Mapatano ya Lisbon. Ireland iliyakataa Juni 2008, ingawa baraza lile lilikuwa lingali likikutana. Iliyakubali Oktoba 2009, baada ya hofu za watu kujibiwa kwa ahadi, mojawapo kwamba kila nchi itabaki na Kamishna wake. Basi kueleza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusikia.

Sasa nakiri kosa langu. Mzee mmoja alifika dirishani kwangu na karatasi ya kodi ya kiwanja. Akaniuliza, “Mwanangu, hii yasemaje?” Nami, kwa kuwa watu walikuwa wengi, nikamjibu, “Tia dole gumba hapa, Mzee, basi.” Akatia. Baada ya miezi miwili alirudi kulipa faini, kwa siku ya mwisho ambayo sikumtajia. Hakunigombeza, alinisalimu tu. Salamu ile ingali ikiniuma.

Kwa hiyo naomba kila tawi letu lichague watu wawili, waandike maana ya kila amri mpya kwa Kiswahili chepesi na kuibandika ubaoni. Na maswali ya watu yaandikwe, yapelekwe kwa wakubwa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi na kujibu kusiwe hisani. Ni kazi tunayolipwa mshahara.